HackRF inarusha lakini kipokezi cha GPS hakioni setilaiti: anza na saa

Swali lililoulizwa: unajaribu kipokezi cha GPS kwa HackRF, redio ya kurusha inayoendeshwa na kompyuta; faili limetengenezwa kwa gps-sdr-sim (programu inayounda ishara za GPS za kuigiza), hackrf_transfer, amri ya kurushia, inakimbia bila kulalamika, kebo imefika kwenye kipokezi, lakini hakuna setilaiti hata moja. Tatizo hili kwa kawaida haliko kwenye programu. Kagua saa ya HackRF kwanza.

Kristali inayoendesha saa ya HackRF One inaweza kupotoka hadi 20 ppm (sehemu 20 kwa milioni). Kwenye L1, masafa ya GPS ya MHz 1575.42, hiyo ni takriban kHz 31.5. Kipokezi kilichotulia mahali pamoja kinajua kwamba mwendo wa setilaiti husogeza masafa kwa kHz 5 hivi juu au chini, nacho kina TCXO yake (kristali iliyosahihishwa dhidi ya mabadiliko ya joto), kwa hiyo hakihangaiki kutafuta mbali. Ishara yako ipo, ila iko mahali ambapo hakuna anayeitafuta. Weka TCXO ya nje ya MHz 10, ya 0.5 ppm au bora zaidi, kwenye CLKIN, tundu la HackRF la kupokea saa ya nje. Kosa litashuka chini ya Hz 800. CLKIN inataka wimbi la mraba la volti 0 hadi 3.3. Iunganishe kabla ya kuanza kurusha, kisha hakikisha kwa `hackrf_clock -i` kwamba imeonekana.

Pili, vigezo vya faili. HackRF inasoma biti 8, ilhali gps-sdr-sim isipoambiwa huandika 16. Ukisahau `-b 8` unarusha kelele tupu. Amri ya kurushia:

`hackrf_transfer -t gpssim.bin -f 1575420000 -s 2600000 -a 0 -x 0`

Kasi inayoonyeshwa iwe MB 5.2 hivi kwa sekunde. Ikiyumba, sampuli zinapotea na kipokezi kinaachia ishara kila mara. Hamisha faili kwenye SSD na uondoe habu ya USB.

Sasa nguvu, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kuzidisha. Ishara halisi ya GPS hufika ardhini ikiwa karibu dBm -130, chini ya kelele. Hata ukiweka `-x 0`, yaani ukuzaji wa chini kabisa, HackRF bado ina nguvu kupita kiasi. Anza na atenyueta (vipunguza ishara vya kuunganisha kwenye kebo) za jumla ya dB 60, kisha ongeza au punguza hadi C/N0, kipimo cha kipokezi cha ishara dhidi ya kelele, isome kati ya dB-Hz 40 na 48. Usipunguze ukubwa wa sampuli zenyewe, kwa sababu HackRF huvujisha pia wimbi tupu la masafa iliyowekewa; hilo halipungui pamoja na sampuli, na linakaa katikati kabisa ya L1. Upande wa kipokezi tanguliza kizuia umeme wa DC: tundu la antena hutoa volti 3 hadi 5 za kulisha antena, na atenyueta itazigeuza joto.

Kila kitu kibaki ndani ya kebo. Kurusha hewani kwenye masafa haya kunapotosha simu, magari na ndege zilizo karibu, na karibu kila nchi imekataza. Pima hivi kama ishara inavuja hewani: chomoa kebo kwenye kipokezi, uifunge kwa kizibo cha omu 50, uendelee kurusha. Kipokezi kikiendelea kuona setilaiti zako, ishara inapita hewani kutoka kwenye bodi, na atenyueta zako hazina kazi. Iweke HackRF kwenye kasha la chuma.

Zikionekana setilaiti bila mahali kupatikana, kipokezi kinakumbuka tarehe na efemeri (data za njia za setilaiti) za zamani. Kiamuru kianze upya kwa baridi, yaani kisahau data zote za zamani, zima mifumo mingine ya setilaiti (GLONASS, Galileo na BeiDou), kisha subiri. Efemeri husafiri kwa biti 50 kwa sekunde na hurudiwa kila sekunde 30, kwa hiyo dakika moja ni kawaida. Usitumie `-R` ya hackrf_transfer kurudia faili: mwisho ukifika, muda wa GPS unaruka kurudi mwanzo na kipokezi kinapoteza kila kitu. Tengeneza faili refu zaidi kwa `-d` ya gps-sdr-sim.