Jibu: kwa nini matundu yanahama ukirefusha bamba

Mkuu, umeuliza kwa nini matundu ya bolti yanaenda upande kila unaporefusha bamba kwenye FreeCAD, programu ya kuchora vipuri kwa kompyuta, na kama programu ina hitilafu. Haina. Umepima tundu kutoka ukingo wa kushoto, nayo imeshika kipimo hicho.

Mimi somo hili lilinigharimu chuma. Nilichora bamba la kufungia beringi ya UCP205, yaani ya shafti ya milimita 25, kwenye mashine ya kusaga mahindi: urefu milimita 180, tundu la kwanza 37.5 kutoka kushoto, la pili 105 kutoka la kwanza. Mteja akataka shafti ya 30 badala ya 25, yaani UCP206, ambayo matundu yake yameachana 121. Nikabadilisha 105 kuwa 121, bamba nikalifanya 200, nikapeleka kukatwa. Ile 37.5 sikuigusa. Katikati ya matundu ikaangukia 98 kutoka kushoto, katikati ya bamba ni 100. Milimita 2 nani anaziona? Mabamba yalikuwa mawili, fundi akageuza moja wakati wa kuchomelea maana kwa macho pande zilifanana. Shafti ikakaa mshazari kwa milimita 4. Beringi za aina hii hujilaza zenyewe kidogo ndani ya kasha lake, kwa hiyo ilizunguka bila kelele. Ulioumia ni mkanda, uliliwa upande mmoja.

Kichwani nilijua matundu yanatakiwa kukaa katikati. Kwenye modeli sikuwa nimeliandika hilo popote.

Siku hizi naanzia kwenye kitovu cha mchoro, nafunga matundu yalingane pande mbili za mstari wa kati. Namba inayotoka kwenye beringi naipa jina, nafasi_bolti, kwenye jedwali la FreeCAD. Urefu wa bamba siuandiki, unakokotolewa: nafasi_bolti + 2 × ukingo, ukingo ukiwa umbali wa tundu hadi mwisho wa bamba. Beringi ikibadilika nagusa hapo tu.

Kuviringisha kona kuache mwisho. Skechi zako, yaani michoro bapa ya kuanzia, ziegemeze kwenye bapa za msingi (XY, XZ, YZ) kuliko kwenye nyuso za umbo, kwa sababu nyuso hupoteza utambulisho wake umbo likibadilika. Toleo la 1.0 la Novemba 2024 limepunguza sana tatizo hilo, halijalimaliza.

Mwenzako akihitaji kuendeleza kazi, mpe faili lenyewe la FreeCAD. Faili la STEP, la kuhamishia umbo kati ya programu, litampa umbo tu, bila jedwali wala ule ulinganifu. Na kabla hujatuma, weka nafasi_bolti iwe 95, ya UCP204, halafu 150, uangalie kama matundu bado yako katikati.