Suzuka: Mbona barabara inajikata yenyewe?

SWALI: Ndugu mhariri, habari za kazi. Juzi nimekaa na mdogo wangu tunacheki mbio za Japani akaniuliza, kaka hivi hawa mbona hawagongani, maana ramani pale kwenye skrini inaonyesha barabara imejikata katikati. Nikakosa jibu. Na hizo kona mbona zina majina ya ajabu, moja eti 130R?

JIBU: Mwambie mdogo wako kaona sawasawa, barabara inajikata kweli ila pale pana daraja. Suzuka, hiyo saketi yaani barabara ya mbio mliyoiona, ina umbo la namba nane, na kwenye kalenda ya mbio za magari za Fomula 1 hakuna nyingine ya hivyo. Gari likimaliza kona ya pili kati ya zile mbili zinazoitwa Degner linapita chini ya daraja, linakuja kuzunguka huko mbele kisha hilohilo linarudi kupita juu likiwa spidi kali sana, na hapohapo inaanza 130R.

Sasa kwanini nane? Saketi hii ni ya Honda, ilifunguliwa 1962 na kampuni ilitaka sehemu ya kujaribia pikipiki na magari yake, ramani akachora Mholanzi John Hugenholtz ambae kwao alikuwa anasimamia saketi ya Zandvoort. Saketi za kawaida unazunguka upande mmoja tu kwahiyo tairi za upande mmoja ndo zinaliwa zaidi na shingo ya dereva inavutwa kulekule lapu hadi lapu. Suzuka nusu ya kwanza unazunguka kulia, ukishapita chini ya daraja unaanza kuzunguka kushoto, mzigo unagawanyika. Kwa mtu anaejaribia gari hiyo ni akili kubwa sana, ndani ya kilomita 5.807 gari linaonyesha kila udhaifu wake.

Majina ni rahisi. R ni nusu kipenyo, yaani mkunjo wa kona ulikuwa mita 130, japo 2003 walikuja kuichonga upya baada ya dereva Allan McNish kupata ajali mbaya pale mwaka uliotangulia, jina likabaki. Degner ni Ernst Degner, Mjerumani wa pikipiki alieanguka pale 1962.

Ila mimi ukiniuliza moyo wa Suzuka sio daraja wala 130R, ni zile kona za S baada tu ya kona mbili za mwanzo. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, tena mnapanda kilima, ukichelewa nusu sekunde kugeuza ya kwanza basi ya pili unaingia vibaya na ya tatu vibaya zaidi, hakuna sehemu ya kujirekebisha. Mkicheki tena subirini kamera ya juu ya kichwa cha dereva, muangalie mikono tu: anaejua usukani unaenda taratibu kama anabembeleza mtoto, aliekosea utaona anakata, anarudisha, anakata tena.