Kura ya Tawini Ndiyo Inayomchagua Mwenyekiti

Zitto Kabwe hakushindwa na mtu. Kwa nini aliachia uongozi wa chama cha ACT-Wazalendo? (Mwanga, Kigoma)

Muda wake ulikwisha. Katiba ya ACT-Wazalendo inampa kiongozi wa chama vipindi viwili vya miaka mitano, naye alikuwa katika nafasi hiyo tangu 2015. Machi 2024 akachaguliwa Dorothy Semu. Hapa kwetu, ambako wengi walilijua jina la Zitto kabla ya kuijua katiba ya chama, jambo hilo liliwauma watu. Naamini alitenda lililo sawa.

Januari 2025 Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe katika uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA kwa kura 513 dhidi ya 482. Je, chama hakikupasuka hapo? (Kasulu)

Tofauti ya kura 31 haipasui chama. Kinachokipasua ni shaka juu ya hesabu. Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti tangu 2004, alimpongeza mshindi bila kuchelewa, na hilo lilizima maneno mengi. Mei mwaka huohuo baadhi ya viongozi wa zamani wa CHADEMA walihamia CHAUMMA, chama kingine cha upinzani, kwa hiyo makovu yalikuwapo.

Mimi ni mwanachama wa tawi tu, sina kura katika mkutano mkuu. Nina uzito gani? (Ujiji)

Uzito wako ni mkubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu mjumbe anayepanda ngazi hadi taifa huanzia kwenu, na mwanachama asiyefika siku ya uchaguzi wa tawi amekwisha kumpa mwingine kura yake. Niliwahi kuhudhuria uchaguzi wa tawi moja chini ya mwembe: daftari la wanachama lilikuwa na majina mengi, waliofika hawakujaza mabenchi mawili, na katibu aliyekuwa akihesabu kura alizikunjua karatasi mapajani mwake, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuziona. Hakuna aliyemuuliza. Wewe uliza. Lipa ada kwa wakati, hakikisha jina lako limo daftarini kabla ya siku yenyewe, kisha dai kila karatasi inyanyuliwe, isomwe kwa sauti na kuonyeshwa kwa wakala wa kila mgombea.

Mgombea ameahidi kutulipia wajumbe wa mwambao nauli ya boti. Tupokee? (Uvinza)

Msipokee. Najua safari ya ziwani ni ghali, lakini nauli ya wajumbe ilipwe na chama, kwa kiwango kilekile kwa wote na kwa stakabadhi.