random.seed(42) pekee haitoshi kurudia matokeo ya tasnifu
Je, kuandika random.seed(42) kwenye programu ya Python kunatosha ili majaribio ya tasnifu yatoe matokeo yale yale kila yanaporudiwa? Haitoshi. Amri hiyo, inayoweka mwanzo maalumu wa namba nasibu, inagusa moduli ya random ya Python tu. NumPy (maktaba ya hesabu) na PyTorch (maktaba ya kufunza modeli) zina vyanzo vyao vya namba nasibu, kwa hiyo ongeza np.random.seed(42) na torch.manual_seed(42). Hata hapo GPU (kadi ya michoro inayotumika kufanya hesabu) inaweza kukupa tarakimu za mwisho tofauti, kwa sababu mpangilio wa kujumlisha desimali hubadilika na tarakimu za mwisho za kila jumla hukadiriwa. Washa torch.use_deterministic_algorithms(True) ili PyTorch itumie njia thabiti tu, yaani zinazotoa jibu lile lile kila mara; lakini mafunzo ya modeli huenda yakapungua kasi, na operesheni isiyo na njia thabiti italeta kosa. Nyaraka za PyTorch zenyewe hazitoi uhakika kati ya matoleo au mashine tofauti, basi taja matoleo yote kwenye tasnifu.