Swali la Lugha: "Elfu ishirini na tano" ni ngapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mjukuu wangu yuko darasa la sita hapa Ngamiani, Tanga. Katika imla ya hesabu walisomewa "laki tatu elfu ishirini na tano", wakaambiwa waseme kama ni namba shufwa au witiri na wataje vigawo vyake vya tasa. Yeye kaandika 320,005, akakoseshwa. Kosa ni lake?

Jibu: Marahaba. Kosa si lake. Maneno yale yanabeba namba mbili, 325,000 na 320,005, na kisarufi zote ni halali. Kwa Kiswahili kinachohesabiwa hutangulia: watu ishirini, embe ishirini, elfu ishirini. Ikija "na tano", msikilizaji hajui kama tano inaungana na ishirini, elfu ziwe ishirini na tano, au elfu zimekwisha na sasa yanatajwa mamoja. Kwenye karatasi mkato ungesaidia, ila katika imla mkato hausikiki.

Sokoni hakuna anayebabaika, maana nani atauza kitu kwa elfu ishirini na shilingi tano juu? Hata "laki tatu na ishirini" muuzaji na mnunuzi wanajua ni 320,000. Hesabu haina bei ya kuegemea.

Na namba hizi zinapishana sana. 325,000 ni shufwa. Igawe kwa 1,000, inabaki 325, ambayo ni 5 × 5 × 13. Elfu yenyewe ni 2³ × 5³, kwa hiyo jumla yake ni 2³ × 5⁵ × 13. Ile 320,005 ni witiri (anayesali witri usiku hahitaji kukumbushwa ipi ni ipi). Gawa kwa 5 upate 64,001, kwa 7 upate 9,143, kwa 41 upate 223, na 223 ni tasa, basi unaishia hapo. Kujua idadi ya vigawo vyote, ongeza moja kwenye kila kipeo (ile namba ndogo ya juu; isipoandikwa ni moja) kisha zidisha: ya kwanza ina 4 × 6 × 2, yaani 48, ya pili ina 2 × 2 × 2 × 2, yaani 16 tu. KKS yao, yaani kigawo kikubwa cha shirika, ni 5. Nasema vigawo, si vigawe, maana vigawe, zile namba unazopata kwa kuizidisha namba yenyewe, havina mwisho.

Dawa ni kuiweka elfu nyuma ya idadi yake. "Laki tatu ishirini na tano elfu" ni 325,000 tu. "Laki tatu ishirini elfu na tano" ni 320,005 tu. Laki iache mbele ilipozoea. Ila "na" ya mwisho isidondoke: ukisema "ishirini elfu tano", sikio litashika "elfu tano" na utata utarudi.

Mjukuu akienda kudai alama, apeleke na kazi yake. Kama vigawo vya tasa alivyoandika ni 5, 7, 41 na 223, amelijibu swali alilosomewa.