Gavana wa wiki tano

Swali: Mhariri, rafiki yangu anadai Marekani ilikuwa na gavana Mweusi tangu karne ya 19. Ni kweli? Na mbona hatajwi?

Jibu: Ni kweli, ndugu yangu, na umenifurahisha kuuliza. Ni P. B. S. Pinchback wa Louisiana. Alizaliwa 1837, mama aliwahi kuwa mtumwa, baba Mzungu mwenye mashamba. Baba alipofariki, mama alikimbia na watoto hadi Cincinnati, mji wa jimbo la Ohio lisilo na utumwa, akihofia ndugu wa marehemu wangewatia utumwani. Kijana akawa mhudumu kwenye meli za mtoni, kisha kapteni wa jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Akajiuzulu kwa kuchoshwa na ubaguzi.

Desemba 1872, Gavana Henry Clay Warmoth alishtakiwa bungeni, akalazimika kukaa kando. Pinchback, aliyekuwa kaimu naibu gavana, akashika usukani hadi 13 Januari 1873, muhula ulipokwisha.

Linaloniuma mimi si ufupi huo. Ni kwamba alichaguliwa seneta, Seneti ikamzungusha hadi 1876, halafu ikamnyima kiti. Hata hivyo hakususa: alipigania kuanzishwa kwa Southern University, chuo cha Weusi, mwaka 1880.

Gavana Mweusi aliyefuata nchini humo, Douglas Wilder wa Virginia, aliapishwa 1990.