Mbona picha zangu za chini ya maji zote bluu?

Maswali ya picha za baharini yamekuwa mengi, leo najibu manne.

Nimepiga matumbawe pale kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, picha zote bluu tupu. Simu mbovu?

Simu nzima kabisa. Maji ndo yanakula rangi, yanaanza na nyekundu, ukifika mita 5 hivi imeshafifia sana, halafu rangi ya chungwa, kisha njano, unabaki na bluu na kijani. Mi mwenyewe niliwahi kupita juu ya kiti cha pweza (yule mnyama wa umbo la nyota) kwenye mita nane, nundu zake nyeusi tii, nikamdharau, mwenzangu akamulika tochi, loh, nundu nyekundu kama pilipili mbivu! Na usihesabu kina tu, hata maji yaliyopo kati yako na samaki yanakula rangi vile vile, kwa hiyo msogelee, chini ya mita moja ukiweza. Zoom achana nayo.

Nikiwasha flashi picha inajaa vidoti vyeupe.

Hivyo ni vumbi na vidudu vya majini, flashi ya karibu na lenzi inavipiga usoni. Ni kama kuwasha taa full kwenye ukungu wa Lushoto, unaona ukungu tu. Tumia tochi au flashi ya pembeni, inyooshe mbali na kamera, mwanga uingie kwa ubavu.

Filta nyekundu ninunue?

Kama hupigi na flashi, nunua, ila inafaa kuanzia mita 5 mpaka 15 hivi na jua liwe kali. Juu juu ivue, la sivyo kila kitu kitakuwa chekundu. Wenye kamera ya kuseti waiti balansi, yaani kuionyesha kamera nyeupe ni ipi, seti kwa kibao cheupe pale pale chini, ukishuka mita mbili tatu seti tena. Na upige RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, ila nyekundu isiyoingia kwenye kamera ukiilazimisha kwenye kuediti unapata chengachenga tu.

Naenda Mafia Desemba kupiga papa potwe, nibebe flashi?

Iache chumbani, mnyama usimwashie flashi. Msimu umeupatia, ila maji yatakuwa ya kijani kwa sababu ya vile vidudu anavyofuata kula, bluu ya kwenye matangazo usiitegemee. Kaa juu juu, jua liwe mgongoni, ukiona kijani kimezidi geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Mi zangu mbili nilizotundika sebuleni ni za hivyo.